Filamu ya Udongo Mwekundu na Mweusi

Pale Techiman, ukitaka marehemu wako apendeze, unamwita Adwoa Frema. Miaka kumi na tisa amebeba kamera kwenye mazishi, na hakuna ukoo wenye jina mjini ambao hajaupiga picha ukiwa umevaa nyeusi. Anajua mjomba yupi hulia kamera ikimwelekea tu, na shangazi yupi hujificha jikoni akalia peke yake. Anajua bendi ya tarumbeta iingie saa ngapi na mjane asimame upande gani ili jua lisimuumbue. Watu humsifu kwamba ana mkono mzuri, kisha humwogopa kidogo, maana nani anapenda kusalimiana sokoni na mtu ambaye tayari amekwisha kufikiria picha yako ya jeneza?

Yeye mwenyewe alikuwa amechoka na wafu, ingawa hakuwahi kumwambia mtu. Alitamani walau mara moja apige kitu kinachoanza badala ya kinachokwisha. Harusi alijaribu mbili, na zote mbili wageni walilalamika kwamba bibi harusi alionekana kama anaiaga dunia. Tangu hapo harusi zikamwepuka.

Kwa hiyo Agosti ile, Sakyi, fundi wa maabara pale chuo kikuu, alipomjia na habari kwamba idara yao inataka filamu ya kuvutia wanafunzi, Frema alikubali kabla hajamaliza kusikiliza. Sakyi alimchagua yeye kwa sababu ndiye aliyempiga picha mama yake siku ya kumzika, na mpaka leo Sakyi hushikilia kwamba mama yake hakuwahi kupendeza namna ile alipokuwa hai.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Shahada ya Sayansi ya Udongo ilikuwa hoi. Mwaka uliotangulia walijiunga wanafunzi kumi na mmoja, na baraza la chuo likasema kwamba safari hii wasipofika thelathini, shahada inafutwa na walimu wake wanagawanywa huku na huku. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa tarehe thelathini Septemba. Idara iliwahi kuulizia kampuni moja ya Accra. Kampuni ikataja bei, na mkuu wa idara akadhani wanatania.

Tatizo halikuwa vijana, lilikuwa wazazi. Mtu amelima viazi vikuu maisha yake yote ili mwanawe asishike jembe, halafu unamwambia ampeleke mtoto huyo chuo kikuu akasomee udongo. "Udongo tunao nyumbani," wanakujibu, na mazungumzo yanaishia hapo. Na wajomba, ambao kwa Waakani, watu wa huku, ndio wenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada zao, walikuwa wagumu kuliko wazazi.

Mkuu wa idara, Profesa Kwaku Asubonteng, alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kucha zisizotakata hata akioga mara tatu. Yeye ndiye aliyeianzisha shahada ile miaka ishirini na mitano iliyopita. Alibakiza mitatu astaafu, na kitu pekee alichokiomba kwa Mungu ni kuiacha ikiwa imesimama. Lakini mbele ya kamera aligeuka gogo. Frema alimkalisha kitini, akamsimamisha shambani, akampa maji, akamtania, wapi. Profesa alifungua kinywa, akakifunga, mwishowe akasema, "Mimi si kitu, Dada Frema. Piga udongo." Frema akaupiga udongo asubuhi nzima, nao haukusema neno.

Akawageukia wahitimu. Wahenga walisema asifuye mvua imemnyea, basi waseme walionyeshewa. Sakyi alimpa majina thelathini na manne pamoja na namba za simu, na Frema akamwandikia kila mmoja kwa adabu, akimwomba ajirekodi kwa dakika moja tu aseme shahada ile imemsaidia nini. Walijibu watatu. Wa kwanza alikuwa safarini, wa pili aliahidi wiki ijayo, na wa tatu alituma picha ya dole gumba. Wiki ijayo ikaja ikapita.

Frema akafanya alichokuwa anakijua. Aliwachukua walimu wawili na Sakyi, wakazungumza kwa niaba ya Profesa. Sakyi alishika kofia mkononi, akasema, "Alitufundisha kuuheshimu udongo," kisha akafuta macho kwa sababu ya vumbi. Profesa mwenyewe alionekana mara moja tu, akitembea kuelekea kwenye mahindi, mgongo kwa kamera, mpaka mahindi yakammeza. Frema aliipunguza kasi hatua ile, kwa kuwa ilikuwa nzuri, kisha akaipunguza tena. Chini yake akaweka filimbi laini. Mwanzoni kabisa akaweka picha ya Profesa akiwa na joho, jina lake kamili na shahada zake zote, na maneno "Miaka Ishirini na Mitano ya Kazi". Profesa alitoa ombi moja tu kuhusu rangi: apate nyekundu ya udongo wa vilimani na nyeusi ya udongo wa bondeni. Frema akaizungushia picha nyekundu na nyeusi.

Mtoto yeyote wa Techiman angemwambia. Lakini mazoea yana taabu, na mtu aliyeishi miaka kumi na tisa ndani ya nguo nyekundu na nyeusi za matanga hazioni tena. Profesa naye aliitazama filamu juani, kwenye simu ya Sakyi yenye kioo kilichopasuka, akasema udongo umetoka vizuri. Basi Ijumaa alasiri Frema akaituma kwa kila mtu aliyemo kwenye simu yake: wakuu wa koo, wapishi wa matanga, wenye maturubai, bendi mbili, na madereva watatu wa magari ya maiti. Hakuwa na watu wengine.

Kesho yake Jumamosi alikuwa kazini, kwenye mazishi ya mwuza vitambaa mmoja, pale Manu mwenye maturubai alipomsogelea akiwa amevua kofia. Alisimama kando yake kwa heshima mpaka jeneza likapita.

"Dada Frema, pole sana," akasema. "Prof alikuwa mtu wa watu. Mazishi lini, nikuwekee maturubai mangapi?"

"Mazishi ya nani?"

Manu akatoa simu akamwonyesha. Frema aliitazama filamu yake mwenyewe katika kiganja cha mtu mwingine, huku bendi ya matanga ikipiga nyuma yake, na hapo ndipo alipoiona. Joho, filimbi, nyekundu na nyeusi, mzee anayetokomea kwenye mahindi bila kugeuka. Alimuuliza Manu amewatumia watu wangapi, na Manu, ambaye hana ubaya na mtu, akasema wote.

Marehemu wa watu hakuwa na kosa, kwa hiyo Frema alipiga picha mpaka kaburi lilipofukiwa. Kisha akachukua teksi mpaka nyumbani kwa Profesa, akimwomba Mungu asije akamkuta amekufa kweli kwa mshtuko.

Barazani alikuta wanawake wanane wa nguo nyeusi wamejipanga kwenye mkeka, hawajui waondoke au wakae. Katikati yao alikuwa Maame Dufie, dada mkubwa wa Profesa. Alikuwa ametoka Nkoranza alfajiri, akaingia mlangoni na kilio chake, akamkuta mdogo wake anakula ndizi za kuchoma na karanga.

"Wewe ndiye uliyemuua ndugu yangu?" akauliza.

"Maame, nisamehe. Ni makosa."

"Nimelia kutoka Nkoranza mpaka hapa. Dereva amelia. Abiria wasiomjua wamelia. Machozi yangu nani atanirudishia?"

Frema alipiga magoti, akaomba radhi, akaomba tena. Lakini jambo kama lile haliishi kwa pole. Jina la mtu limekwisha kutangazwa miongoni mwa wafu, na roho yake imeshtuka. Isipobembelezwa inaweza kuamua kwamba kweli imeitwa. Maame Dufie akatoa hukumu bila kushauriana na mtu. Jumatano, siku ya juma aliyozaliwa Profesa na iliyompa jina la Kwaku, Frema alete viazi vikuu vilivyopondwa kwa mafuta ya mawese, mayai ya kuchemsha, kuku mweupe na kitambaa cheupe. Na aje navyo kichwani, si kwenye teksi.

Profesa hakukasirika hata kidogo, na hilo lilimuuma Frema zaidi. Alimsindikiza mpaka langoni, akainama kuangalia viatu vyake.

"Sasa nani atakuja kwenye idara ambayo mkuu wake amekufa?" akasema polepole, kama anayejiuliza mwenyewe.

Zilibaki wiki tatu. Frema alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake miguuni. Aliona kwamba ameizika ile shahada kwa mkono wake mwenyewe, tena vizuri, kama anavyozika vyote.

Jumapili na Jumatatu alishinda akikanusha. Habari ya kifo hukimbia, ya uzima hutambaa. Aliandika "Profesa yuko hai" kila mahali alipoituma filamu, na watu wakamjibu "Kweli kabisa, anaishi mioyoni mwetu." Aliandika tena kwa herufi kubwa. Kiongozi wa kwaya moja akamwambia imani yake ni ya kuigwa.

Ndipo sauti za rambirambi za wale wahitimu zikaanza kuingia kwenye simu yake. Esi Arhin, aliyeandikiwa mara tatu bila kujibu, alituma dakika sita kutoka kwenye mashamba ya kakao ya magharibi. Alisema mwaka wa pili alitaka kuacha masomo, Profesa akampa donge la udongo mkononi akamwambia alifinyange mpaka limwambie lina nini. Leo wenzake kazini husubiri majibu ya maabara wiki mbili, yeye anafinyanga, anasema, anaondoka. Issahaku wa Tamale alisema shamba la baba yake lilikuwa halizai kwa miaka tisa, na Profesa alikwenda kulitazama kwa pikipiki yake mwenyewe, safari ya siku nzima, akalala kwenye jamvi. Mwingine alifunika mashimo ya machimbo ya dhahabu kwa miti. Mwingine alilia tu, akamalizia kwa jina lake na mwaka aliohitimu. Kufikia Jumanne usiku zilikuwa ishirini na saba, kutoka kwa watu walewale thelathini na wanne.

Waakani wana msemo kwamba ukoo hupenda maiti. Ukiwa mgonjwa hawaji, ukifa wanakuja na mabasi. Frema alikuwa ameusikia maisha yake yote na kuufanyia biashara, lakini siku ile ulimkasirisha. Aliziweka sauti zote mahali pamoja, akaenda kumenya viazi.

Jumatano akafika na beseni kichwani. Profesa alikuwa amekalishwa barazani kwenye kiti, amevikwa nguo nyeupe, mnyenyekevu kama mtoto anayenyolewa. Maame Dufie alimpaka chakula kidogo kifuani, akaisemesha roho ya ndugu yake kwa upole ambao Frema hakujua kama anao, akiiambia kwamba hakuna aliyeita, irudi ikae, chakula kipo. Kisha akampa yai, ambalo haliumwi nusu. Linaingia kinywani zima.

Alikuwa bado nalo kinywani wakati wazee wanne wa Kintampo walipoingia langoni na nguo zao nyekundu na nyeusi, viatu mkononi, wamekuja kumzika. Walisimama. Aliyewatangulia, mzee mkubwa aliyeitwa Agya Twum, alimtazama maiti akitafuna.

Mgeni ni mgeni. Wakapewa viti, wakapewa maji, na walipokwisha kunywa wakaulizwa, kama inavyopasa, wamekuja kwa neno gani. Na mgeni akiulizwa, lazima aseme. Agya Twum akakohoa mara mbili.

"Huko tulikotoka ni kwema," akaanza. "Ila tulisikia kwamba wewe... hupo. Tumekuja kukuzika."

"Ahsanteni," akasema Profesa. "Kuleni kwanza."

Maame Dufie, aliyekuwa ameapa kutocheka mpaka mwezi uandame, alicheka mpaka akashika nguzo. Frema alikuwa na kamera begani. Hakuwa na muda wa kuweka miguu ya kamera wala kupanga mwanga. Alipiga tu, huku naye akicheka.

Vicheko vilipotulia, akapiga goti mbele ya Profesa, akamsikilizisha zile sauti, moja baada ya nyingine. Profesa alishika yai la pili asilile. Wazee wa Kintampo wakasogeza viti.

"Hawa walikuwa hawaandiki," akasema mwishowe. "Miaka yote nilidhani nasema na ukuta." Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Frema aliwahi kuwapiga picha watu elfu wakisifiwa, na huyu ndiye wa kwanza aliyesikia.

Agya Twum akainama mbele. Aliuliza huo udongo una nini hata watu wakamlilia namna ile, maana udongo wanao nyumbani.

Profesa akafuta macho. Alimuuliza analima nini, na viazi vyake huoza upande upi wa shamba. Agya Twum akajibu ni upande wa mto, tangu mafuriko ya mwaka juzi. Profesa akainama, akachota udongo kwenye chungu cha maua cha pale barazani, akaanza kueleza. Alieleza kwa nusu saa. Alisimama, akachora sakafuni kwa kidole, akamshika mzee mkono akamgusisha punje kwa punje. Kamera ilikuwa hatua mbili kutoka usoni mwake, wala hakukumbuka kwamba ipo.

"Ng'ombe wako akiumwa unamwita daktari," akamwambia. "Shamba likiumwa unalihama. Umebakiwa na pa kuhamia?"

Agya Twum alipangusa udongo vidoleni.

"Sina," akasema. Kisha akauliza kama mtoto wa kike wa dada yake, aliyemaliza sekondari na yuko tu nyumbani, anaweza kusomea hiyo kazi.

Frema alikata filamu mpya kwa siku tatu. Kwanza aliwapigia simu wote ishirini na saba, akawaambia Profesa yuko hai, akawaomba ruhusa. Mmoja alimtukana. Wengine waliona aibu, kisha wakacheka, kisha wakaomba namba ya Profesa. Esi Arhin alikubali kwa sharti kwamba pale anapolia pakatwe, na Frema akapakata, ingawa ndipo palipokuwa pazuri. Hakupunguza kasi ya hatua yoyote. Aliituma kwa watu walewale, wakuu wa koo, wapishi, bendi na madereva, akaandika juu yake kwamba huyu mtu anakula mayai. Manu alimjibu, "Kumbe mazishi yameahirishwa." Halafu akaituma kwa wote.

Waliopeleka maombi walikuwa arobaini na watatu. Baraza la chuo liliandika barua fupi, kavu, kwamba shahada itaendelea kwa miaka mitatu, kisha itatazamwa tena. Profesa aliisoma akasema mitatu inamtosha. Sakyi aliibandika mlangoni mwa maabara.

Siku ya somo la kwanza walimwita Frema aje apige picha. Alisimama nyuma ya darasa, akahesabu vichwa mara mbili kwa kutoamini. Profesa aliingia na shati lake la vumbi, kama kawaida yake hakujitambulisha, akaweka mezani madonge matatu ya udongo akaanza kuyaeleza. Walioiona filamu walikuwa wanakonyezana. Mbele ya Frema msichana mmoja alinyanyua mkono, akasimama, akasema anaitwa Atipoka na ametoka Bongo, kule kaskazini kabisa.

"Samahani, mzee wangu," akasema. "Filamu mimi sikuiona, nilisimuliwa tu. Kwetu tulisikia mwenye idara hii alifariki. Baba yangu mdogo akaniambia, mtu akililiwa hivyo na watu wasio ndugu zake, kazi aliyoiacha si ya bure, nenda ukaishike. Sasa nilitaka kuuliza, nafasi yake amepewa nani?"

Darasa zima lilibana kicheko. Sakyi alitoka nje akikohoa. Profesa alimtazama yule msichana, akiwa na donge mkononi, na Frema akaona midomo yake inatafuta mahali pa kukaa.

"Hajapatikana bado," akamwambia. "Njoo ukae mbele."